Pengo la Nyanchera

Siku hizi watu wa Nyansiongo wakimtaja mama mkwe wangu wanamsifu mno, utadhani walikuwa upande wake tangu mwanzo. Hawakuwa. Mimi Persis nilikuwepo. Niliolewa na mwanawe Nyamongo mwaka wa sitini na sita, na ninajua nani alisema nini. Nyanchera mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "yaya", ambalo kwa Ekegusii ni hapana. Ulikuwa hujamaliza kusema unachotaka, yaya imeshakufikia. Nilipofika kwake nikiwa bibi arusi niliuliza kama naweza kupanga upya vyungu vya jikoni. Nikajibiwa neno hilo hilo, na vyungu vikakaa palepale mpaka alipokufa.

Shamba lilikuwa la mzungu. Alipoondoka baada ya uhuru, serikali ililikata vipande na kuwapa watu waliotoka kwenye vilima vyetu vilivyojaa, huku na huku, ukoo huu na ule. Baba mkwe wangu Makori alipata kipande kilichoshuka mpaka mtoni. Lakini ardhi ile ilikuwa na masharti. Ufuge ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, uwapeleke josho bila kukosa, na ufunge ua wa seng'enge kuzunguka kipande chako chote, usiache hata mahali pa kupita mbuzi. Asiyetimiza, kamati ya walowezi wapya ilikuwa na mdomo wa kupendekeza shamba apewe mwingine. Makori hakuimaliza hata kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo. Kifua kilimuua mwaka wa pili. Shamba likabaki kwa jina la marehemu, na mjane akabaki na shamba, na mdogo wa marehemu, Obwocha, akabaki na macho. Kila alipokuja kutujulia hali alikuwa akilipima bonde lile kwa kulitazama kutoka juu mpaka chini, kisha anauliza ua umefika wapi.

Ua ulikuwa umefika kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Upande wa barabara ya mkokoteni, pale bonde linapoanza kuteremka kwenda mtoni, Nyanchera aliacha pengo la upana wa nguzo mbili. Hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja, wiki ya kwanza walipohamia, alishuka kuteka maji, na kwenye ukungu akawaona punda milia. Walikuwa kundi dogo, wametoka mbugani, wanalamba udongo wa chumvi kando ya mto. Aliniambia kwamba aliutua mtungi chini, akavua kitambaa cha kichwa, akasimama. Mtu mwingine angesema tu ni wanyama. Lakini Nyanchera alizaliwa Bobasi, na watu wa Bobasi ni watu wa punda milia. Hawamli, hawamwindi, hawakalii ngozi yake, na bibi yake alimfundisha kwamba ukimkuta amekufa unamfunika majani mabichi kabla ya kuondoka. Hayo yote aliyajua tangu utotoni. Jambo moja tu hakulijua, nalo ni punda milia mwenyewe anafananaje. Kule Bobasi kuna migomba na nyumba, na nyumba na migomba. Hata yule bibi hakuwahi kumwona. Mwanamke mwenye watoto wakubwa ndiyo kwanza anakutana na mnyama ambaye ukoo wake umemheshimu maisha yote kwa jina tu. Alilia, na alipokuwa akinisimulia hakuona haya kusema kwamba alilia.

Makori, ambaye alikuwa wa Kitutu, alimcheka mpaka akakohoa. "Mashemeji wamekuja kututembelea," akasema. Lakini alipochimba mashimo ya nguzo aliliruka lile bonde, na alipokufa bonde lilikuwa bado wazi.

Wengine wote walifunga. Siwalaumu kwa kufunga, maana kila mtu aliogopa kupoteza shamba lake. Nawalaumu kwa kutotazama. Kule vilimani tulikotoka wanyama walikwisha zamani, na ua kwetu ulikuwa jambo la mtu na ndugu yake, huyu asiingize jembe kwa yule. Hakuna aliyejiuliza kama yupo mwingine anayepita pale. Mwaka ule wa seng'enge nyingi taya walikufa ovyo. Taya ni swala mdogo, mwekundu, anapenda kupenya katikati ya nyuzi, na miiba inamshika tumboni. Kulikuwa na korongo wenye taji ambao wakiruka kwenye ukungu waligonga waya wa juu, wakaning'inia kwa bawa moja, wanapiga kelele mpaka wanachoka. Watu waliwaokota. Alfayo Momanyi, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa letu la Wasabato, jirani yetu wa upande wa juu, alisimama mbele ya watu akaiita ile nyama riziki. Nilimsikia kwa masikio haya.

Alfayo hakuwa mtu mbaya, nami sitamfanya mbaya ili hadithi inoge. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye koti moja la suti lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwiko. Alipenda mambo yakamilike. Ua wake ulikuwa wa kwanza kukamilika, na aliunyoosha upande wa mbugani kwa nyuzi tano zilizovutwa mpaka zikalia ukizipiga kwa kidole. Tangu siku hiyo punda milia hawakuweza tena kushuka moja kwa moja. Walilazimika kuzunguka kwa barabara ya mkokoteni na kuingia kwetu kupitia lile pengo. Kwa hiyo pengo likawa mlango wao pekee wa kwenda mtoni, na Alfayo kila akipita barabarani likamchoma jicho.

"Mama Nyamongo," alimwambia mama mkwe wangu siku moja mbele ya kanisa, "hii shamba ni ya masharti. Afisa wa makazi akija akute hiyo pengo, ni sisi wote tutaonekana wajinga."

"Yaya, tata," akajibu. Tata ni baba, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume, na yeye alimwita tata kwa adabu zote huku akimkatalia. "Ng'ombe zangu hazitoki. Nimeweka miti ya kuchomoa. Mchana wakila majani nafunga. Jioni wakirudi zizini nafungua. Umewahi kuona ng'ombe yangu kwako?"

"Bado."

"Basi ukimwona utaniambia."

Miti yenyewe ilikuwa fito tatu nene za mkalitusi, zinazoingia kwenye matundu ya nguzo mbili, vile wazee walivyokuwa wakifunga lango la zizi. Kuzifunga asubuhi na kuzichomoa jioni ilikuwa kazi yangu, mvua inyeshe, mimba iwe kubwa, lolote liwe. Nilizilaani zile fito. Niliwalaani na punda milia wenyewe. Nyanchera alinisikia nikilaani, akaniambia nikimaliza nisisahau fito ya chini.

Basi ikafika Ijumaa ya balaa. Binti wa Nyanchera, Bitutu, alikuwa amejifungua kule Masimba alikoolewa, na Nyanchera alikwenda kumwona mjukuu. Alfayo alikuwa amepata habari kwamba afisa wa makazi atakuja wiki inayofuata. Akaona nafasi ndiyo hii. Alikusanya risaga, ile kazi ya majirani wote kwa pamoja, ambayo kwa desturi anayeiita ni mwenye shamba, na anawapikia waliokuja. Hii haikuitwa na mwenye shamba. Waliitana wenyewe, wakaja na bunda la seng'enge na nyundo, na Obwocha akawa mbele akiwaonyesha njia kama kwamba shamba ni lake tayari.

Mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya jiko na hasira zangu. Alfayo na Obwocha wote walikuwa baba wakwe zangu kwa hesabu ya ukoo, na mke mgeni wa Kigusii hasimami mbele ya baba mkwe kumfokea. Ana chinsoni, ile heshima ya kumwonea haya mkubwa, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri, kwa bahati mbaya. Nyamongo mume wangu alikuwa kazini Kiogoro, haji mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nilipiga sufuria kwa mwiko kwa nguvu zote ili wajue kwamba kuna mtu hajapenda, na wao wakaendelea kupigilia misumari.

Lakini walikuwa wamechelewa kuanza. Ijumaa kwetu Wasabato ni siku ya matayarisho. Chakula cha kesho kinapikwa, maji yanatekwa, nguo zinapigwa pasi, na jua likizama Sabato imeingia na chombo chochote cha kazi kinawekwa chini. Walikuwa wamezipigilia nyuzi upande mmoja na kuzifikisha upande wa pili, bado hawajazivuta, jua likagusa kilima. Alfayo alitazama juu, akatazama waya, akasema, "Tuache hivyo. Tutakaza Jumapili." Wakavaa makoti yao wakaondoka haraka. Zile seng'enge zikabaki zimelegea, zinaning'inia kama kamba za nguo.

Hakuna watu wengine duniani ambao wangefanya kosa lile. Mtu asiye na dini angekaza. Mtu mvivu asingeanza. Waya uliokazwa mnyama anaugonga, anaumia, anarudi. Uliolegea unamzunguka.

Nyanchera alirudi giza likiingia. Nilimweleza yote. Alishuka mpaka pale na taa ya mkononi, akazigusa zile nyuzi. Alikuwa shemasi. Hakuwahi kuvunja Sabato tangu abatizwe akiwa msichana. Akarudi nyumbani akasema, "Jumapili nitazikata zote," akaomba, akalala.

Asubuhi tulisikia ile sauti. Punda milia halii kama punda wa nyumbani. Ni mlio mkali, wa kukatika katika, unarudia na kurudia. Tulikuwa tumeshavaa kwenda kanisani. Nyanchera alikuwa katika gauni lake jeupe la Dorkasi, lile la kina mama wa kanisa, na kitambaa cheupe kichwani. Tukashuka mbio.

Alikuwa jike. Waya wa chini ulikuwa umemzunguka mguu wa mbele, ule wa juu umempita shingoni, na kadiri alivyovuta ndivyo miiba ilivyoingia. Jeraha la mguu lilikuwa limefikia mfupa. Kwa upande wa barabara alisimama mtoto wake, bado ana manyoya ya kahawia mgongoni, anakanyaga kanyaga, hajui aende wapi. Wale wengine walikuwa wameshakimbia.

Na barabara ile ndiyo ya kanisani. Watu walikuwa wanafika, familia kwa familia, Biblia kwapani, viatu vimefutwa. Walisimama mstari mzima wakitazama. Alfayo alikuwepo, na Obwocha, na mke wa Alfayo aitwaye Orpah, mama mpole aliyefunika mdomo kwa mkono. Kila mmoja alikuwa na uso wa huruma na hakuna aliyesogea, maana kukata waya ni kazi.

Nyanchera alipanda tena mpaka nyumbani, na alipokuja alikuwa ameshika lile koleo kubwa la kukatia waya aliloacha Makori. Alfayo akamzuia njiani, si kwa mkono, kwa sauti.

"Mama Nyamongo. Ni Sabato."

"Najua siku."

"Wewe ni shemasi. Watoto wanakuangalia. Ngoja jua lizame, mimi mwenyewe nitakuja kumkata."

"Jua likizama atakuwa amekufa, tata. Ng'ombe yako ikianguka kisimani leo asubuhi, utaiambia ingoje?"

Kila mtu pale aliijua habari hiyo ya Injili, ya ng'ombe na kisima, Alfayo mwenyewe alikuwa ameihubiri. Akasema kwa upole wa mtu anayejua Maandiko, "Ile ni ng'ombe ya mtu. Mtu anaokoa mali yake. Huyu ni wa nani? Ni wako?"

"Ni wa serikali," Obwocha akadakia.

"Basi serikali ije imtoe," Nyanchera akasema. Halafu akamgeukia Alfayo, na ile sauti ya bonde la pili ikatoka. "Ni wangu. Umeniuliza, nakujibu. Mimi ni wa Bobasi. Kabla mzungu hajaja, kabla ya hii shamba yenu ya masharti, kabla ya wewe kununua hilo koti, huyu alikuwa wangu. Toka njiani."

Alitoka. Mkubwa wa kanisa, mwenyekiti wa kamati, aliondoka njiani, na mimi nikasahau chinsoni zangu zote nikapita mbele yake nikiwa nimeshika ncha ya gauni langu, nikaenda kumshika mnyama masikio. Sikujua punda milia ana nguvu kiasi kile. Alinipiga kichwa kifuani nikakaa chini, nikainuka nikamshika tena. Nyanchera akakata waya wa shingoni, akakata wa mguuni, kila ukikatika unaruka na kulia. Ulimchana mkono kutoka kiwiko mpaka kiganjani. Gauni jeupe likawa na damu mbili, yake na ya mnyama.

Jike alisimama. Alitembea hatua chache kuelekea kwa mtoto wake, mguu mmoja unaburura, akapiga magoti katikati ya barabara, na hakuinuka tena. Damu nyingi ilikuwa imeshamwagika alfajiri, wakati sisi tumelala tukiiheshimu siku.

Mtu mmoja nyuma, simtaji kwa sababu wajukuu wake ni rafiki zangu, akasema kwamba nyama ile ikikaa mpaka jioni itaharibika. Nyanchera alipanda ukingoni akavunja matawi mabichi, akaanza kumfunika, kuanzia kichwani. Sikujua desturi ya Bobasi, mimi ni wa Nyaribari, lakini nikavunja pia. Kisha akaja Orpah. Aliweka Biblia yake juu ya nguzo, akavunja tawi, akalileta huku mumewe akimwona. Yeye pia alikuwa mzaliwa wa Bobasi, kumbe. Miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tulipomaliza, Nyanchera alikwenda kanisani vilevile, na damu yake. Jumapili alikata waya zote zilizobaki, akazikunja, akazitupa mbele ya lango la Alfayo.

Kanisa lilimvua ushemasi. Waliamua pia akae benchi la nyuma mpaka mwisho wa mwaka. Sabato iliyofuata alipita katikati, polepole, akakaa benchi la mbele kabisa, chini ya pua ya mhubiri. Walimwomba ahame. Yaya. Wakaimba wimbo, naye akaimba kuwashinda.

Afisa wa makazi alikuja wiki ile ile, kijana kutoka mbali, mwenye soksi ndefu. Kamati ilimngojea pengoni, na Obwocha akiwa amenyoa ndevu. Walimweleza kwamba mjane hatimizi masharti, na kwamba yuko ndugu wa marehemu aliye tayari kutimiza. Shamba lote lilikuwa likining'inia siku ile, nami nina tumbo la mtoto wa kwanza.

Nyanchera alijitetea kwa Kiswahili chake cha sokoni Keroka. "Bwana afisa, sharti inasema nini? Inasema ng'ombe isitoke. Leta ng'ombe yangu hapa. Funga hii miti. Kama itatoka, chukua shamba leo. Lakini sharti haisemi nifunge mwenye njia."

"Mwenye njia ni nani?" afisa akauliza.

Akamwonyesha lile tuta la majani barabarani. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuliondoa.

Yule kijana aliitikisa fito ya juu, akaitikisa ya katikati. Aliwaangalia wanakamati, akaangalia mkono wa Nyanchera uliofungwa kitambaa. "Mama, nakuachia," akasema. "Lakini ng'ombe wako mmoja akionekana nje, hata mara moja, sitarudi kukuuliza. Nitatia sahihi shamba liende kwa huyu bwana."

"Andika," Nyanchera akasema.

Kwa hiyo tuliishi hivyo. Miaka ile yote shamba letu lilishikwa na fito tatu za mkalitusi na kumbukumbu yangu mimi ya kuzifunga. Niliwahi kuamka nina homa, ninayumba, nikaenda kuzifunga. Niliwahi kumkuta Obwocha mwenyewe mchana mmoja, fito zimeshafungwa, amesimama karibu na fito ya juu, mkono mfukoni, anasema anapunga upepo. Tangu siku hiyo Nyanchera alikuwa akienda pamoja nami, na kigoda chake, anakaa pengoni mpaka ng'ombe wamalize kula, anachambua pareto, anamsalimia kila apitaye. Hakuna ng'ombe wetu aliyetoka. Hata mmoja. Punda milia walipungua. Barabara ya mkokoteni ilijaa watu na mbwa, na kuzunguka kukawa kugumu kwao. Wakati mwingine msimu mzima ulipita bila alama ya kwato. Yule mtoto wa kahawia tulimwona mara mbili, amekuwa mkubwa, kisha hatukumwona.

Watu waliniambia mwambie mama mkwe wako afunge sasa, hakuna anayepita. Nilimwambia. Mnajua alivyojibu.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kikaja kile kiangazi kirefu. Majani yalikuwa meupe. Pampu ya zamani ya mzungu, iliyokuwa ikipandisha maji kwenye mabirika ya mashamba ya juu, ikakohoa ikafa, na fundi akasema haina tena dawa. Mto ulikuwepo. Lakini mashamba yote ya mtoni yalikuwa yamefungwa kwa nyuzi tano, kila mtu na zake, na wenyewe wamepanda pareto mpaka ukingoni, hawataki kwato za mtu. Kila mmoja alikuwa ametimiza masharti kikamilifu. Ng'ombe wa gredi wakaanza kulala chini mchana.

Njia moja tu ilikuwa wazi kwenda majini, nayo ni ile iliyokanyagwa na punda milia kabla sisi sote hatujazaliwa.

Alfayo alikuja mwenyewe, asubuhi, bila koti. Nilikuwa nimesimama na fito ya katikati mkononi. Nyanchera alikuwa kwenye kigoda chake na kikombe cha uji wa wimbi. Nyuma ya Alfayo, barabarani, ng'ombe wake walisimama ndimi nje, mbavu zinahesabika.

"Mong'ina," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. Ni jina la heshima, la mama mzee. "Nimekuja kuomba njia."

Nikangoja yaya. Naapa nilikuwa nimeshaishika fito vizuri ili nikiambiwa nifunge nifunge, na moyo wangu wote ulitaka niambiwe. Nilikuwa nimezifunga fito zile na mimba tatu.

Nyanchera alikunywa uji wake.

"Hao ni wa nani?" akauliza.

"Ni wangu," Alfayo akasema, na nilimwona akiyasikia maneno yenyewe yakitoka kinywani mwake. Akainamisha kichwa.

"Basi wako watapita kwangu," Nyanchera akasema. "Na wangu watapita kwako. Pale kona ya mbugani, upande wa juu. Leo, kabla ng'ombe zako hazijakunywa."

"Mong'ina, hao hawapo tena. Mwaka mzima hakuna amewaona."

"Sikukuuliza kama wapo."

Ng'ombe mmoja akalia. Alfayo akanyoosha mkono, na Nyanchera akatoa chini ya kigoda lile koleo la Makori. Lilikuwa hapo muda wote, limepakwa mafuta. Tulipanda sote watatu mpaka kona ya mbugani, ng'ombe wakitufuata nyuma. Alfayo akaanza na waya wa chini. Zile nyuzi zilikuwa zimevutwa sana, kila moja ikikatika ililia mpaka bondeni, naye aliruka kando kila mara kama mtoto. Alikata wa chini, wa pili, wa tatu, wa nne. Akajipangusa jasho, akamrudishia koleo.

Nyanchera hakulipokea. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anamalizia uji.

"Na ule wa juu, tata."